Wazee Walioinyolea TANU

Jumatatu, 10 Januari 1977

Shule imefunguliwa. Darasa la tatu nina watoto arobaini na saba na madawati kumi na mawili. Mvua hakuna. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nashoni, ameniita ofisini kunikumbusha, kana kwamba ningesahau, kuwa muda wangu wa majaribio unaisha mwezi wa tatu na barua ya kuthibitishwa kazini itategemea mwenendo wangu. Sikumwuliza mwenendo gani, na yeye hakusema. Nimekula ugali wangu wa mtama nikilitafuna neno hilo. Mama yuko Issenye na kidonda cha mguu kisichopona, wadogo zangu watatu wananitegemea mimi, na mimi naitegemea barua. Hapa sina wa kumwambia haya, ndiyo maana nimeanza daftari.

Alhamisi, 13 Januari

Elimu ya watu wazima imeanza tena: Jumatatu na Alhamisi, saa tisa alasiri, darasani kwangu. Wamekuja kumi na wanne, wengi wazee. Mimi ni Mwikoma na wao ni Wakurya, kwa hiyo wakitaka kunisema wananisema mbele yangu kwa Kikurya bila hata kupunguza sauti. Ninaelewa zaidi ya wanavyodhani.

Mzee Wangwe amekaa mbele kama kawaida yake. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la TANU hapa tangu kabla ya uhuru. Kadi yake ni ya mwaka 1956, anatembea nayo kwenye mfuko wa shati ndani ya nailoni. Mkewe mkubwa, Bhoke, hukaa nyuma na kumsahihisha mumewe kwa sauti. Ndiye anayeniletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi, na kila asubuhi ananiambia nimekonda.

Nimebandika ukutani jedwali nililochora likizo nzima nyuma ya kalenda ya zamani. Lina safu tatu: Nchi, Rais, Chama cha Rais. Kenya, KANU. Zambia, UNIP. Zaire, MPR. Guinea, PDG. Msumbiji, FRELIMO. Ghana nimeandika rais wa kwanza na chama chake, CPP, halafu nikachora mstari mwekundu juu yake, maana chama hicho kilipigwa marufuku jeshi lilipompindua mwenyewe akiwa safarini. Uganda nimeandika: hana, jeshi. Tanzania ina mistari miwili, TANU kwa Rais wetu na ASP kwa Rais wa Zanzibar.

Nilitaka tu wasome herufi kubwa. Wao wamegeuza somo kuwa baraza. Mzee Wangwe amemwonea huruma rais wa Uganda. Anasema rais asiye na chama ni mtu anayelala kwenye mji wa watu wengine.

Jumatatu, 17 Januari

Jua. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.

Jumamosi, 22 Januari

Mwalimu Nashoni ana redio pekee iliyopo hapa shuleni, na betri zake anazianika juani ziongeze nguvu. Leo ametuita wote nje ya nyumba yake. Mkutano mkubwa Dar es Salaam umeamua: TANU na ASP zitavunjwa, kiundwe chama kimoja kipya tarehe tano Februari. Mzee Wangwe alikuwepo. Akaniuliza kama Rais atabaki Rais. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa siku ngapi hatakuwa na chama. Nikamwambia hata siku moja, kinakufa hiki na kuzaliwa kile siku hiyohiyo. Hakuridhika. Nilimwona akijipapasa mfuko wa shati.

Jumanne, 1 Februari

Mahindi yamejikunja. Mama ameandika: mguu bado.

Jumamosi, 5 Februari

Leo chama kipya kimezaliwa. Chama Cha Mapinduzi. Tumeimba, tumecheza, watoto wameandamana mpaka kisimani na kurudi. Redio ilizimika katikati ya hotuba. Betri zimeisha, na wanasema mpaka na Kenya umefungwa jana, kwa hiyo za kutoka Sirari mpakani hakuna tena. Sabuni nayo basi. Mwalimu Nashoni ametuonya tuchunge midomo, kwa sababu wakati kitu kikubwa kinabadilika watu wadogo ndio huonekana.

Jumatatu, 7 Februari

Nimesahihisha jedwali kabla wazee hawajaja. Kando ya Rais wetu nimeandika CCM kwa kalamu nyeusi, na TANU nikaipigia mstari mwekundu. ASP vilevile. Nilijisifu kwa unadhifu.

Wazee wakalisoma. Mzee Wangwe akasimama, akauliza kwa upole sana. Alisema kwao mwenye mji, yaani mwenye boma, akifa, mrithi haingii nyumbani wala hagusi kiti cha marehemu mpaka watu wanyoe vichwa. Mrithi akiingia kabla watu hawajanyoa, mji hautamkubali, hata awe mtoto mzuri vipi. Sasa TANU imekufa, chama kipya ndicho mrithi, na hapa kijijini hakuna aliyenyoa. Kitaingiaje?

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nilidhani ni mfano tu, wazee wanapenda mifano. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba kulikuwa na wingu zito upande wa Nyambureti, na nguo zangu zilikuwa kambani. Nikacheka. Nikasema, "Wazee wangu, fanyeni kama mnavyofanya siku zote."

Basi tukaachana. Wingu lenyewe lilipita bila kutuachia tone.

Alhamisi, 10 Februari

Mungu wangu.

Wamekuja darasani wamenyoa. Wazee tisa na wanawake wawili, Bhoke akiwa mmoja wao. Vichwa kumi na kimoja vinang'aa mbele yangu. Bendera ya zamani, ile ya kijani na nyeusi, wameishusha jana, wakaikunja vizuri, wakailaza ndani ya nyumba ya Mzee Wangwe. Walikesha nayo. Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Ameniambia sasa njia iko wazi, chama kipya kije.

Mwalimu Nashoni alipita dirishani, akaona, akaondoka karibu anakimbia. Baadaye akanihoji. Nani amewaambia? Nikasema ni desturi yao. Akasema hajauliza desturi, ameuliza nani. Nikanyamaza. Akaniambia kuna mtu anakuja kutoka wilayani mwishoni mwa mwezi kuandikisha wanachama, na nywele za mzee haziwezi kukua kwa wiki mbili.

Jumapili, 13 Februari

Kanisani nilishindwa kusali. Nilikuwa nahesabu vichwa.

Jumatano, 16 Februari

Jua. Bhoke ameleta maziwa. Nilitaka kumwuliza kama hawawezi kuvaa kofia siku ya mgeni. Nikaona aibu kumwomba mfiwa ajifiche.

Jumapili, 20 Februari

Nilithubutu. Nilikwenda kwa Mzee Wangwe nikamweleza kuwa mgeni anaweza kuelewa vibaya. Akanipa kiti. Akasema huyo mgeni atakuwa na wazazi, na mtu mwenye wazazi anajua msiba. Nilitembea kurudi nikijilaani. Hivi nilishindwa nini siku ile kukaa chini na kumsikiliza mzee kwa dakika tano? Nguo zingelowa, zingekauka.

Alhamisi, 24 Februari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Yule mgeni wa wilayani alikuja saa nne na Land Rover. Ndugu Simioni, kijana kuliko nilivyomdhani, shati la mikono mifupi, mkoba wa ngozi. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Mbele kabisa, kwenye mabenchi ya heshima, wale kumi na mmoja. Hakuna aliyevaa kofia. Kwenye mlingoti hakukuwa na bendera yoyote, maana walikuwa wanamsubiri yeye alete mpya.

Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema kwanza angependa kuona shule. Mwalimu Nashoni akamwongoza, mimi nyuma yao. Akaingia darasani kwangu, akaenda moja kwa moja kwenye jedwali. Akaweka kidole kwenye Ghana, akauliza mstari mwekundu maana yake nini. Nikasema chama kilichopigwa marufuku baada ya mapinduzi ya jeshi. Kidole kikashuka taratibu mpaka Tanzania.

"Na sisi, Ndugu Mwalimu, tumepinduliwa na nani?"

Nilikuwa na rangi mbili tu za kalamu, hiyo ndiyo kweli yote, lakini nani angeiamini? Akalibandua jedwali, akalikunja, akalitia mkobani.

Uwanjani akauliza mbele ya watu wote. Chama kipya kimezaliwa kwa shangwe nchi nzima, je, hapa ni nani aliyewaambia watu waomboleze? Nani ameshusha bendera? Nani ameandika darasani kwamba TANU imepinduliwa? Alisema atakayejitaja mwenyewe atamsaidia, asiyejitaja atamtafuta.

Mwalimu Nashoni alinisogelea, akaninong'oneza nikae kimya. Akasema mzee yule watamwondoa uenyekiti tu, hana cha kupoteza, lakini mimi barua yangu iko mezani kwa watu. Nilimsikia vizuri. Ninaandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye kwamba sikusikia.

Mzee Wangwe akainuka. Alieleza habari ya mrithi kama alivyonieleza mimi, tena vizuri zaidi, na nikaona kwamba Ndugu Simioni hasikilizi maelezo, anasubiri jina. Basi Mzee akampa jina. Akasema yeye ndiye aliyeamuru watu wanyoe. Yeye ndiye aliyeshusha bendera. Na ule mstari mwekundu, akasema, ni yeye aliyeniomba niuchore.

Huo ni uongo. Mzee Wangwe, ambaye hata ng'ombe wake akila mahindi ya jirani huenda kusema mwenyewe, alisimama mbele ya kijiji akasema uongo kwa ajili yangu. Alinitazama mara moja tu. Nikatazama viatu vyangu.

Wakachukua kadi yake ya 1956. Wengine kumi waliandikishwa baada ya kuonywa, wakapewa kadi mpya. Yeye hakupewa. Amepakiwa kwenye Land Rover kwenda Mugumu, makao ya wilaya, kuandika maelezo. Bhoke hakulia. Alisimama katikati ya barabara mpaka vumbi likatulia.

Ijumaa, 25 Februari

Leo hakuna maziwa.

Jumapili, 27 Februari

Mzee amerudi kwa miguu. Hakupigwa, wanasema wamemhoji tu. Si mwenyekiti tena. Sijaenda kumsalimia.

Alhamisi, 3 Machi

Amekuja darasani! Amekaa mbele, mahali pake. Nilimpa shikamoo bila kumtazama usoni, akaitikia marahaba kama siku zote. Nimefundisha silabi saa nzima na sijui nilifundisha silabi gani. Bhoke hakuja.

Jumanne, 8 Machi

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri, watoto wamekwenda kuoga kwenye maporomoko ya maji ya paa. Kila mtu anacheka. Nimekaa ndani.

Jumamosi, 12 Machi

Mvua. Wamechagua mwenyekiti mpya wa tawi, kijana mwenye duka. Anasema maneno marefu. Wazee bado wanakwenda kwa Mzee Wangwe kuuliza mambo, lakini siku hizi wanapitia nyuma ya nyumba. Yeye amewakataza. Amewaambia wapite mbele au wasije.

Nilikuwa namwona mtu mkaidi mwenye maswali ya kuchelewesha watu. Sasa nikifikiri, katika wote waliosimama uwanjani siku ile, ni yeye pekee aliyekuwa amekiandalia chama kipya mahali pa kukaa.

Ijumaa, 18 Machi

Barua imefika. Nimethibitishwa kazini. "Kutokana na mwenendo wako mzuri." Mwalimu Nashoni ameisoma kwa sauti mbele ya walimu wote, wakapiga makofi. Mama atapelekwa hospitali, wadogo watabaki shule. Nilishukuru. Nilipofika nyumbani niliificha barua sandukuni.

Jumatano, 23 Machi

Mvua. Nimepita kwenye njia ya kisima, nikakutana na Bhoke na debe kichwani. Nilimsalimu. Akaitikia, maana adabu anayo. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema, "Nzuri, mwalimu. Tunakaa tu kama wageni." Akapita.

Alhamisi, 31 Machi

Leo kulikuwa na mtihani wa kumaliza hatua ya kwanza kwa watu wazima. Maswali yametoka wilayani, yamepigwa chapa, sikuyaongeza wala kuyapunguza. La kwanza, andika jina lako. La pili, andika jina la kijiji chako. La tatu, Rais wetu ni wa chama gani? La nne, wewe ni mwanachama wa chama gani?

Nimesahihisha jioni hii. Wote wamepata la tatu. La nne, karibu wote wameandika CCM, wengine kwa herufi zinazopanda mlima. Karatasi ya Mzee Wangwe ni safi kuliko zote. Jina lake, vizuri. Kijiji, vizuri. La tatu, CCM. La nne ameandika kwa mkono wake mwenyewe, polepole, mpaka kalamu imetoboa karatasi: "Sina."

Nilimfundisha mimi kuandika neno hilo.

Miaka ishirini na moja alikuwa na chama. Rais amevuka kutoka chama hadi chama bila kukaa hata siku moja nje, na huyu mzee aliyenyoa kichwa ili mlango ufunguke amebaki nje ya mlango. Nami nimekaa ndani, na barua yangu yenye mwenendo mzuri. Nilie niseme nini? Jibu lake ni sahihi. Ilibidi nimpe alama.

Nimempa alama. Kesho nakwenda Mugumu.

Ijumaa, 1 Aprili

Nimerudi sasa hivi, nimelowa mpaka mifupa. Niliazima baiskeli, nusu ya njia nilikuwa naisukuma kwenye tope.

Ndugu Simioni alinipokea vizuri, akaagiza chai. Nikamwambia sikuja kunywa chai. Nilimweleza yote: swali la mzee, nguo kambani, kicheko changu, na neno nililowaambia. Nikamwambia mstari niliuchora mwenyewe, nikiwa peke yangu, na Mzee alidanganya kunifunika. Nikaweka barua ya kuthibitishwa juu ya meza yake na karatasi ya mtihani juu ya barua.

Alisoma karatasi ya mtihani kwanza. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo.

Kisha akaanza kukasirika, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aliniuliza kama najua kuwa taarifa yake imeshakwenda mkoani. Nikasema sikujua. Akaniuliza kama najua barua hii inaweza kufutwa. Nikasema hilo najua.

"Una watu wanaokutegemea?"

"Ninao."

"Na bado umekuja."

Akanipa karatasi tupu, niandike yote na kutia sahihi. Niliandika kurasa mbili. Barua yangu aliitia kwenye jalada, akasema wakubwa wake ndio watakaoamua, nisubiri. Uenyekiti wa mzee hawezi kuurudisha, umeshapata mtu. Akafungua kabati, akatoa kadi mpya, akaandika jina kwa mwandiko mzuri: Wangwe. Akanikabidhi bila kunitazama. Nilipofika mlangoni akasema babu yake alipofariki na yeye alinyolewa, alikuwa mdogo, alikuwa amesahau.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimepeleka kadi. Nilidhani atafurahi. Mpumbavu mimi.

Mzee Wangwe aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma herufi kwa herufi, halafu akaniuliza nimeipataje. Nilipomwambia, aliwaka. Sijawahi kumwona amekasirika. Alisema yeye ni mzee, angezikwa bila kadi na dunia isingegundua. Mimi nina watoto arobaini na saba. Alisimama uwanjani akasema uongo wa kwanza tangu apate mvi, na mimi nimekwenda kuutupa tope la barabarani kana kwamba haukumgharimu kitu. Aliniuliza mama yangu atakula nini. Nikasema sijui. Nikaanza kulia, na nilikuwa nimeapa sitalia.

Bhoke alitoka ndani. Alimwambia mumewe kwa Kikurya, na mimi nilielewa, kwamba mtoto akirudisha kitu hapigwi. Mzee akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili, 3 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 4 Aprili

Bado hakuna habari kutoka wilayani. Mwalimu Nashoni amejua, hazungumzi nami, na amehamisha kiti chake ofisini kisielekeane na changu. Sijui kama mimi ni mwalimu au la. Watoto hawajui kitu, wamesimama na kunisalimu.

Saa tisa wazee walikuja. Mahali pa mbele palikuwa wazi. Nilianza somo bila yeye. Nilikuwa nimechora jedwali jipya, dogo, kwa rangi moja tu, na nilikuwa nikiwasomesha Zambia alipoingia. Aliketi mahali pake, bado amenuna. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Tulipofika Tanzania aliinua mkono. Akauliza kama najua Rais alikabidhiwa kadi yake mpya na nani.

Nikamwambia hilo sijui, redio ilikuwa imezimika.

Akatikisa kichwa. "Basi hilo la Rais litabaki hivyo," akasema. "Aliyenikabidhi mimi namjua."

Kisha akaniambia niendelee na somo, maana mvua inakuja na watu wana safari.